Ndama wa Gidahosh

Kwa kuomba, Hhando wa Endasak hakuwa na mpinzani. Alfajiri, kabla jogoo hajawika, sauti yake ilishavuka mashamba ya mahindi, na majirani waliokuwa bado na usingizi wao wakajua Baba Festo ameshapiga magoti. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima, na mfugaji wa ng'ombe wachache. Lakini kuomba ni jambo moja na kusikiliza ni jingine, na hapo alikuwa kama sisi wengine.

Kila alipofika katikati ya sala, ilimjia ngozi ya ndama. Naye aliikemea kwa nguvu: "Ushindwe, Shetani, kwa jina la Yesu!" Ngozi ikaondoka, kesho yake ikarudi.

Chanzo chake ni mwaka tisini na sita. Mzee Gidahosh, mfugaji wa Kibarabaig wa kule Hirbadaw, alimpa Hhando ng'ombe amtunzie. Desturi yetu inajulikana: mtunzaji anakunywa maziwa na kuchukua mbolea, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mnyama akifa, unampelekea mwenyewe ngozi aione, yaishe. Ng'ombe yule akazaa jike, wiki ileile ng'ombe wa Hhando naye akazaa. Ndama wa Hhando akafa. Hhando akamchuna, akaibeba ngozi mpaka Hirbadaw, akasema, "Mzee, huyu ndiye ndama wako." Gidahosh akaishika, akaigeuza, akasema pole. Msimu uliofuata akarudishiwa ng'ombe wake bila ndama.

Yule ndama wa wizi akakua, akazaa. Soko huria likaleta wachuuzi wa maziwa na baiskeli zao, na nyumba ya Hhando ikapata bati. Chini ya bati hilo ndipo alipokuwa akiomba, huku aibu inamla.

Mwaka ule tulipoambiwa sisi si watu wa Mkoa wa Arusha tena, ni wa Manyara, alimlalamikia mkewe, Lucia. "Mama Festo, miaka sita namwomba Mungu aseme nami. Yuko kimya."

Lucia alijua kila kitu. Ndiye aliyekuwa akikamua. "Baba Festo," akasema, "tangu lini Shetani akamhimiza mtu arudishe ng'ombe wa watu?"

Hhando alikasirika, kama anavyokasirika mtu aliyeambiwa kweli. Hata hivyo kesho yake alipiga magoti akafunga mdomo. Siku hiyo aliwaza maharage tu. Ya pili vilevile. Hakuacha. Wiki ya tatu ngozi ilipokuja hakuikemea. Hakusikia sauti yoyote. Alielewa tu kwamba kila alfajiri kwa miaka sita alikuwa amejibiwa, na kila alfajiri alimfukuza aliyekuwa akimjibu. Alilia kwa kwikwi, mtu mzima.

Akamswaga yule ng'ombe wa wizi na uzao wake wote mpaka Hirbadaw.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Hhando."

Akayasema yote bila kuzunguka. Gidahosh alisikiliza huku ameegemea fimbo.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mimi nishindwe kujua ngozi ya ndama wa ng'ombe wangu?"

"Sasa mbona hukusema, mzee?"

"Binti yangu Justina alitaka kubatizwa. Na watu wanasema Hhando anaongea na Mungu kila asubuhi. Nikamwambia, mwanangu, subiri kwanza. Kama kweli huyo Mungu anasema, atamwambia Hhando habari ya ndama. Tukangoja mwaka. Tukangoja wa pili."

Hhando akauliza, "Justina yuko wapi?"

"Mwaka wa tatu aliacha kuuliza. Ameolewa mbali, kwa watu wasiojua kanisa." Mzee akawatazama ng'ombe wake wapya. "Nilimwambia Mungu wako hasemi. Akaniamini."

Hhando akaokota fimbo yake, akauliza njia ya kwenda huko alikoolewa Justina.