Waliniita Bibi Raba

Wanasema mavi ya kale hayanuki. Aliyesema hivyo hajawahi kupakwa. Mimi nilipakwa mbele ya mkutano wa wazazi, na kwa miaka kumi na minne nimenuka. Hata watoto ambao siku ile hawakuwa wamezaliwa wananiita Bibi Raba. Raba ya kufutia penseli, si ya mguuni. Nikipita na beseni la nguo, wananipigia kelele: "Bibi Raba, nifutie hesabu!"

Nilikuwa mfagiaji wa shule, miaka kumi na tisa. Mimi niliishia darasa la pili, lakini shule ile niliijua kwa uchafu wake kuliko mwalimu mkuu alivyoijua kwa makaratasi yake. Nilijua nani kala darasani, nani kajikojolea kwa kuogopa fimbo, na mwalimu gani mvivu, maana chaki yake haiishi.

Mwalimu wa hesabu alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Nilivyojivuna! Meza za wengine nilipitisha kitambaa mara moja, ya kwake mara mbili.

Ukaja mtihani wa darasa la nane, ule wa nchi nzima, unaosahihishwa na mashine. Mtoto haandiki maneno, anajaza viduara kwa penseli. Walipomaliza, karatasi zikafungiwa ofisi ya walimu zisubiri gari la asubuhi. Funguo zilikuwa mbili: mmoja wa mwalimu mkuu, mmoja wangu. Jioni mkwe akaja kuazima wangu, eti kasahau miwani ofisini. Nikampa. Angekuwa mwingine ningemuuliza maswali kumi.

Asubuhi mwalimu mkuu akafungua mlango, nami nikaingia na ufagio. Chini ya meza yake kulikuwa na vumbi la raba, si punje mbili tatu, lilijaza kizoleo. Mara mwenyewe akaingia kurudisha ufunguo. Ubavu wa kiganja chake ulikuwa mweusi kama tako la sufuria. Sikusoma, lakini si kipofu. Nikazoa, nikaenda kumwaga shimoni, nikarudi nikamwambia, "Kanawe mikono, mwalimu."

Basi. Hilo ndilo nililosema.

Wakubwa wa mitihani nao si wajinga. Watoto sabini na wawili wote wapate maswali magumu yaleyale, na kila karatasi imepitishwa raba? Matokeo yakafutwa, watoto wakaambiwa warudie mwaka, wazazi wakajaa shuleni wanafoka.

Mwalimu mkuu akasimama. "Ofisi ina funguo mbili. Mmoja ninao mimi. Wa pili anao nani?"

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Jamani," mama mmoja akasema, "huyu hata kusoma hajui. Atasahihishaje hesabu?"

"Kujaza kiduara si kusoma. Ukimpa majibu, hata mbuzi atajaza," akadakia baba mmoja.

Wakacheka. Mbuzi mwenyewe nimekaa palepale.

Mkwe wangu alikuwa mstari wa mbele, anachunguza viatu vyake kana kwamba kavinunua siku hiyo. Pembeni yake binti yangu, mimba ya miezi minane. Nikaona nikifungua mdomo, mjukuu atazaliwa baba yuko jela. Nikanyamaza. Kazi ikaishia pale, nikaanza kufulia watu nguo.

Mkwe akapanda cheo juu ya cheo, mpaka akawa mwalimu mkuu yeye. Kila mwezi ananiletea sukari. Sukari! Kama vile kinachoniwasha ni chai.

Mwaka huu mjukuu, wa mimba ileile, kafanya mtihani uleule. Kapata alama thelathini na nane kwa mia. Baba yake akamburura mpaka kwangu, mama yake anafuata nyuma.

"Mama, ona mjukuu wako alivyonivua nguo! Mtoto wa mwalimu mkuu! Nitapita wapi mimi?"

"Alijaza mwenyewe?" nikauliza.

"Mwenyewe ndiyo, mpumbavu huyu!"

Mtoto analia, kamasi zimefika kidevuni. "Wenzangu wananicheka, bibi. Wanasema si ningekuletea wewe karatasi unifutie."

Masikio yangu yakawaka moto. Sikujua nitazame wapi.

Binti yangu akamgeukia mumewe. "Mwambie mtoto raba ilikuwa ya nani."

Mkwe akarudi kuchunguza viatu vyake.

"Mwambie! Shati lile nililifua mimi. Mkono mzima penseli!"

Kumbe alijua. Miaka yote tunakula naye sahani moja, na anajua. Sasa nani amlaumu mwenzake? Mimi niliyezoa, au yeye aliyefua? Tukabaki kutazama sakafu, mama na mwana.

Mkwe akaanza, "Mama, nisamehe, mimi..."

"Mimi sikutukaniwa hapa," nikamkata. "Nilitukaniwa mkutanoni."

Jumamosi wazazi wakaitwa kuhusu matokeo. Mkewe alishamwambia: usiposema wewe, nasema mimi. Mkwe akasimama, akaeleza ufunguo, akaeleza miwani ya uongo, akaeleza raba. Sauti kama ya mtu mwenye homa. "Bibi huyu hakugusa karatasi hata moja," akasema.

Nikangoja furaha ije. Siku hii nimeiota nikiwa na mikono kwenye povu la nguo za watu, miaka kumi na minne. Haikuja.

Akainuka fundi baiskeli mmoja, mwanamume mwenye ndevu zake. Alikuwa mmoja wa wale sabini na wawili. Mkwe wangu hata hakumtazama.

"Bibi, asubuhi ile wewe ndiye uliyefagia. Hukuona kitu?"

Ningesema sikuona, nani angebisha?

"Niliona," nikasema. "Nikazoa, nikanyamaza."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi huo mwaka sikurudia. Baba alisema hana nguvu ya kumsomesha mtu darasa moja mara mbili."

Akakaa. Laiti angenitukana.

Mkwe akaja kunipigia magoti mbele ya watu wote. Nikamwambia ainuke, anachafua suruali. Simsamehe leo, simsamehe kesho. Nikampita nikamfuata yule fundi, lakini nilipofika getini alikuwa keshapanda baiskeli yake, na mimi jina lake silijui nimwite.