Bado Mshono Mmoja
Jirani yangu ni fundi cherehani na mama wa watoto watatu wanaomwita kutwa nzima. Huamua ugomvi wao huku amebana pini mdomoni, kwa hiyo hukumu zake zote hutokea puani. Amri wanayoitii ni moja tu: cherehani ikilia, mama hasemeshwi.

Jana nilimpelekea suruali ya kupunguza. Mlango ulikuwa wazi, cherehani inanguruma, naye ameegemea ukuta, macho kayafumba, miguu ikikanyaga taratibu. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Hata uzi haukuwepo.

“Mama, bado?” sauti ndogo ikauliza kutoka uani.

“Bado mshono mmoja, mwanangu.”

Nikarudi na suruali yangu, nikinyata.