Ubavu wa Kulia wa Ermes Gavioli

Kwa miaka thelathini na minane, Ermes Gavioli aligonga mabati ya alumini katika karakana moja ya hapa Modena, nyuma ya kituo cha reli. Kazini alikwenda kwa baiskeli. Hata hivyo, magari mengi ya milango miwili, yale yaliyoundwa ili mtu atoke Milano hadi baharini kwa kasi bila kuchoka, masanduku yake yakiwa nyuma, yalipata umbo mikononi mwake, juu ya mfuko wa mchanga wa kukunjia bati.

Alistaafu bega lake likiwa limekwisha. Karakana ikabaki kwa Loredana, binti wa marehemu Walter Bulgarelli, mwenzake wa miaka yote.

Majira ya baridi yaliyopita, Loredana alipokea gari la mwaka 1963 lililopondeka madigadi, bati la juu ya gurudumu, ya mbele ya kulia. Alitengeneza mpya mara tatu. Mara tatu mlango ukaikwaruza, ukakataa kufungika. Akabandika tangazo mlangoni: ya nne ikishindikana, atauza meza ya kugongea, abaki na kazi ya rangi tu. Ermes alipopata habari hiyo, aliacha supu yake ya tambi za tortellini mezani, akaenda karakanani.

“Umekuja kunicheka, mzee?” Loredana aliuliza.

“Nimekuja kuota moto. Mke wangu anabana gesi ya kupashia nyumba joto. Vipimo ulivitoa wapi?”

“Ubavu wa kushoto. Nikavigeuza. Sikukosea hata milimita moja!”

“Basi hapo ndipo ulipokosea.”

Enzi zile kila gari lilikuwa na wagongaji wawili, kila mmoja na ubavu wake. Kielelezo cha mbao cha kufuatisha umbo kilikuwa kimoja, lakini mikono ilikuwa ya watu wawili.

“Kushoto ni kwa baba yako. Yeye alipenda mashavu manene. Kulia ni kwangu, nami nilikuwa na njaa.”

“Kwa hiyo gari la watu limepinda tangu kuzaliwa?”

“Kwani wewe, binti, nani alikuambia masikio yako yanalingana?”

Ermes alifumba macho, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa mlango, ambao ulikuwa bado kazi yake mwenyewe. Kisha akachora kwa chaki, kwenye bati jipya, mstari ulioingia ndani upana wa kidole. Akashika nyundo ya mbao. Pigo la tatu, bega likamshinda, nyundo ikamdondoka. Loredana akaiokota ili agonge yeye, naye Ermes akaweka kiganja juu ya bati.

“Hapa. Polepole. Hapana, hiyo ni hasira. Rudia.”

Walifanya hivyo siku nne. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, mlango ulifungika kwa mlio mdogo, laini. Loredana aliufungua na kuufunga mara tano. Kisha akaenda kubandua tangazo lake, akalikunja, akalitia motoni.

“Kesho saa mbili, mzee. Kuna boneti inasubiri.”

“Saa tatu,” Ermes alisema, akitafuta kofia yake. “Na kigoda changu kiwekwe karibu na dirisha.”