Gari Lisilosifiwa

Mume wangu alikuwa na gari zima kuliko magari yote niliyowahi kupanda, na kwa muda wote aliokuwa nalo hakuna mtu mtaani kwetu aliyelijua hilo.

Lilikuwa gari la Kimarekani, la rangi ya chai iliyozidishwa maziwa. Tajiri aliyemwajiri mume wangu huko Matrah, muuza mchele na nguo, aliliagiza kupitia Kuwait, likaletwa ufukweni kwa tishali kwa sababu siku hizo Matrah haikuwa na gati la meli kubwa. Alilitumia muda mfupi akalichoka. Alisema ni dogo. Akamwachia mume wangu, karani wake, na yeye mwenyewe akahangaikia ruhusa, maana ruhusa ya kuwa na gari Maskati ya miaka ile haikuwa kitu cha kuombwa na karani.

Niliambiwa kwamba kwao Marekani gari hilo hutengenezewa watu wa hali ya chini, ili nao wapate cha kwendea kazini. Nililizunguka pande zote nikajiuliza wenye uwezo wao wanapanda nini. Kiti cha mbele kilikuwa kirefu kuliko kitanda changu. Halikuingia kichochoroni kwetu, kwa hiyo likawa linalala kwenye kiwanja kilichokuwa mbele ya nyumba yetu, nje ya ukuta wa mji, na kila aliyekwenda msikitini au sokoni ilibidi alipite.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mume wangu alikuwa akiogopa jicho la hasidi.

Sote tulikuwa tukiogopa jicho, lakini yeye alikuwa na sababu zake. Unguja tulikuwa na redio kubwa ya mbao, na kila mgeni aliyeingia aliisifu, na mume wangu akiwaongezea sauti ili waisifu zaidi. Haukupita muda tukawa tumo melini na masanduku mawili, redio imebaki na nyumba imebaki. Watu wengine walikuwa na maelezo marefu juu ya mambo yaliyotokea mwaka ule. Mume wangu alikuwa na moja tu: tulijisifu. Tulipofika Maskati aliapa kuwa hatajisifu tena, na alikuwa mtu wa kushika kiapo.

Basi gari lilipokuja, akaanza kulitukana. Mtu akimwambia, "Hongera, shekhe, umepata chombo," yeye hujibu, "Chombo gani? Msiba huu. Nimebebeshwa mzigo." Akiulizwa injini yake ikoje, husema lina kikohozi. Akiulizwa kama linapanda mlima wa Matrah, husema hupanda likitaka. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya kazi yake vizuri, hakuridhika na maneno. Kabla ya kuondoka asubuhi alilichezea kwa makusudi mpaka likakohoa mara mbili tatu, watu wasikie. Akirudi huliegesha pale penye mteremko, kama gari linalohitaji kusukumwa ndipo liwake. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, hufungua boneti na kusimama akiitazama injini kwa uso wa mtu aliyepokea habari mbaya. Watu walisimama naye kidogo, wakatikisa vichwa, wakaenda zao kula.

Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Alifunga dirisha kwanza. Kisha akaninong'oneza.

"Leo limepanda na gia ya tatu," huniambia. "Sikubadilisha. Limepanda lenyewe."

"Masha Allah," nnamjibu.

"Sema polepole."

Aliniambia jinsi lilivyokuwa likiwaka kabla hajamaliza kuzungusha ufunguo. Aliniambia milango yake ikifungwa hutoa mlio wa kabati la mbao nzito, si wa debe. Halikuwahi kumwacha njiani, wala kuchemka, hata katika joto lile la Maskati ambalo lilichemsha kila kitu na kila mtu. Nimeishi na mwanamume yule miaka mingi, na sijawahi kumsikia akinisifu mimi namna ile, hata dirisha likiwa limefungwa.

Mimi jambo hili lilinikera. Sikuwa mtu wa kujionyesha, lakini nilikuwa nimetoka kwetu na sanduku moja la nguo, nimepoteza kila nilichokuwa nacho, na sasa nilikuwa na kitu kimoja kizuri na nililazimishwa kukionea haya. Wanawake walinipa pole kwa ajili ya gari. Mmoja alinisomea dua.

Kwenye nyumba iliyopakana na yetu alikaa mwenzangu niliyempenda kuliko wote Maskati. Naye alikuwa ametoka Unguja, na mumewe alikuwa mpimaji wa mizigo kwenye ghala huko Matrah. Walikuwa hawana mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na ya tatu alizaa mtoto aliyekufa kwa sababu mama alicheleweshwa kufikishwa kwa daktari. Sasa alikuwa na ya nne, na hii ilikuwa imefika mbali. Daktari wa Matrah alimwambia waziwazi: uchungu ukianza tu, aletwe, asingojewe kitu. Kati yetu na daktari palikuwa na mlima na barabara ya kuupanda. Kwa miguu ni mwendo wa kutoa jasho. Kwa gari letu, kama alivyoninong'oneza mume wangu, ni muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Nilimwambia mume wangu siku ikifika tutampeleka sisi. Akasema bila shaka. Akajaza petroli. Akapima upepo wa magurudumu. Akatandika shuka safi kwenye kiti cha nyuma, akaifunika kwa gunia ili isionekane. Nikamwambia aende akamwambie jirani kwamba gari liko tayari.

"Nimwambie vipi?" akaniuliza. "Nitangaze mimba ya mke wa mtu barazani? Na mimba ambayo wenyewe hawaitaji, kwa hofu? Kisha niseme na gari langu zima? Yote mawili kwa mpigo?"

"Watajuaje basi?"

"Gari liko nje. Si wanaliona? Wakati ukifika watagonga."

Lilionekana ni neno la maana. Jirani akiwa na dhiki hugonga mlango, ndivyo tulivyolelewa. Mimi kwa upande wangu nilimnong'oneza mwenzangu kwamba gari letu ni zima, asisikilize maneno ya wanaume. Akacheka, akanishika mkono. "Wewe unamstahi mumeo," akaniambia. "Ndivyo inavyotakiwa." Nilipotaka kuendelea, akabadilisha mazungumzo kwa upole ili nisizidi kuaibika.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa mchana. Mimi nilikuwa kwenye khitma ndani ya mji, nyumba ya jamaa zetu. Mume wangu alisali, akala, akalala, kama walivyolala wanaume wote wa Maskati saa ile. Gari lilikuwa pale nje, limeoshwa.

Niliporudi alasiri nilimkuta amekaa kitandani anakunywa maji. Nikamwuliza kwa jirani kuna nini, mbona mlango uko wazi na hakuna mtu. Akasema hajui. Mwanamke wa nyumba ya tatu akanieleza. Uchungu ulianza baada ya swala. Jirani alikusanya wanaume wanne, wakamlaza mkewe kwenye kitanda cha kamba, wakamfunika, wakambeba. Walipofika kwenye kiwanja chetu, mmoja akauliza, je, wamgongee mwenye gari? Jirani akasema hapana. Mtu amelala, na gari lake tunalijua. Wakapita upande wa pili wa gari, polepole, wasimwamshe.

Mtoto alizaliwa njiani, juu ya mlima, kwenye kitanda kile. Alikuwa wa kiume. Walipofika kwa daktari alikuwa ameshakufa. Mama akapona.

Sitajaribu kueleza jinsi tulivyokaa siku ile. Mume wangu alitoka, akaliendea gari, akasimama. Safari hii hakuwa akimwigizia mtu.

Mwenzangu aliporudishwa nilikwenda kukaa naye, na mume wangu akaja barazani na wanaume wengine kutoa mkono wa pole. Kati ya chumba na baraza palikuwa na pazia tu. Nilikuwa na hasira ambayo sijui niiseme vipi. Nilimkasirikia mume wangu, nilimkasirikia jirani, nilikasirikia adabu zetu zote tulizozivusha bahari kwa masanduku mawili. Nilikuwa nimeazimia kuwa nitasema. Nitasema gari lilikuwa zima, petroli imejaa, shuka imetandikwa, na mlitupita. Watu wajue.

Kisha nikamsikia jirani akizungumza, sauti yake imekwisha.

"Bwana wee, usione tulikupita mlangoni tusikugongee," alimwambia mume wangu. "Nnajua ungeamka. Lakini gari lile linavyokuhangaisha, ungetoka mbele za watu, likakataa kuwaka, ungeona haya. Sikutaka kukutia haya siku kama ile."

Mwenzangu alikuwa amelala karibu yangu, macho wazi, na niliona kuwa naye anasikiliza. Akageuza uso kidogo kwenye pazia. Nilijua anachongoja, kwa sababu hata mimi ningengoja hicho hicho.

"Hapana, ulifanya vizuri," mume wangu akasema. "Lisingewaka."

"Ndivyo nilivyofikiri," jirani akasema.

"Lisingewaka," mume wangu akarudia. "Mngepoteza wakati bure."

Mwenzangu alishusha pumzi ndefu, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe nyumbani akalala. Nami nikayameza yangu. Nilikaa pale nikimpepea, nikamchukia mume wangu na kumpenda kwa wakati mmoja, na sikujua kipi kilizidi.

Tangu siku hiyo hakuliwasha. Hangeweza. Kuta zetu zilishikana, na injini ile ilikuwa ikiwaka kwa sauti safi ambayo hata mtu asiyejua magari angeielewa. Akawa anakwenda kazini kwa miguu, na jirani naye anakwenda kwa miguu, wakapanda mlima pamoja kila asubuhi. Tajiri alimwuliza gari liko wapi. Akajibu limeharibika, na tajiri akasema hashangai, lilikuwa dogo mno. Gari likakaa pale nje likipigwa vumbi. Dirisha letu halikuwa na sababu ya kufungwa tena.

Jirani alikuwa mtu mwema, na wema wake ukatufuata. Alimhurumia mume wangu kwa miguu ile. Siku moja akaja na habari kwamba amempata fundi, Mhindi mmoja wa Matrah aliyejifunza kazi Bahrain, ambaye hakuna injini inayomshinda. Amezungumza naye. Wiki ijayo atakuja kulifufua gari, na mume wangu asitoe kitu, ni zawadi yake yeye jirani, kwa ujirani wetu.

Mume wangu akamshukuru. Akaingia ndani, akakaa. Nikamwambia, mwache aje, atafungua boneti, atazungusha ufunguo, yaishe. Papo hapo nilijua nimesema upuuzi. Fundi angezungusha ufunguo mbele ya jirani, na gari lingewaka kabla hajamaliza kuuzungusha, na jirani angesimama pale akilisikiliza.

Alasiri, watu wakiwa msikitini, aliniomba ndoo ya maji ya bahari. Nikamletea. Alifungua boneti, akazifungua plagi zote na kuzipanga juu ya kitambaa kwa utaratibu, kama mtu anayetaka gari lidumu. Kisha akayamimina maji ya chumvi kwenye kila tundu, polepole, mimi nikiwa nimemshikia ndoo. Mikono yake ilitulia. Alipomaliza akazirudisha plagi, akafunga boneti kwa viganja viwili bila kuibamiza, akaenda kunawa.

Fundi alikuja wiki ile nyingine na mfuko wa vyuma. Jirani alikuwepo, na watu wachache wa mtaani. Akazungusha ufunguo, pakawa na mlio mdogo na hapana kingine. Akatoa plagi akazinusa. Akavua shati, akahangaika na injini mpaka jua likapanda, na mwisho akajifuta mikono akasema imegandamana na kutu, haizunguki hata kwa nyundo, na kwamba kwa jinsi anavyoiona gari hili halijawahi kuwa zima.

Nilikuwa dirishani. Nilimtazama jirani, si fundi. Mabega yake yalishuka, uso ukalainika. Nadhani mpaka siku ile alikuwa hajaacha kujiuliza. Akamwekea mume wangu mkono begani.

"Pole, bwana," akamwambia. "Ulisema tangu mwanzo."

Mume wangu alikuwa akilitazama gari.

"Lilikuwa gari zuri," akasema.

Alilisema kwa sauti, mbele za watu, nje, mchana. Wale waliokuwepo wakaitika kwa adabu, namna wanavyoitikiwa wafiwa, na hakuna hata mmoja aliyemwamini.