Nilivyoiharibu saa ya Karisa kwa kuipimia adhana ya magharibi

Wakuu, salamu zenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi nimeshapita miaka tisini, kwa hiyo sina wa kumdanganya wala wa kumfurahisha. Nasema, simu inaandika. Ikiboronga, lawama ni zake.

Juzi mmoja wenu aliuliza humu namna ya kuanzisha karakana ya saa nyumbani. Mkamjibu nunua taa hii, nunua mashine ile. Hakuna aliyemwambia jambo kubwa. Mimi jambo hilo lilinitia adabu miaka ya arobaini, vita vimekwisha, tukikaa Kisauni upande wa Magogoni.

Mume wangu Athmani, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa saa mjini kwa Mhindi mmoja. Akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akarudi nyumbani na kisanduku chake cha vifaa, akakaa siku tatu hakifungui.

Siku ya nne nikamwambia, "Masikio unayo, macho ninayo mimi. Nifundishe."

Karakana yenyewe ilikuwa meza chini ya dirisha la chumbani. Sakafu ya udongo, na skrubu ya saa ikianguka kwenye udongo, wewe isomee hitima tu. Basi tukatandika mkeka, juu yake shuka jeupe. Vipande nilivifunika kwa bilauri visipate vumbi, na mafuta nilitia kwa ncha ya sindano.

Wallahi, siku ya kwanza niliyofungua saa nikaona moyo wake unapiga, nilisahau mchuzi jikoni ukaungua. Kitu kidogo vile, na kinahema!

Watu hawakujua. Athmani alipokea saa barazani, mimi nikatengeneza ndani. Zama zile nani angempa mwanamke saa yake?

Sasa, saa ikishatengenezwa lazima uipime kama inakwenda sawa. Kwetu kipimo kilikuwa kimoja, adhana ya magharibi. Muadhini akiadhini ni saa kumi na mbili kamili, mtaa mzima unarekebisha saa zake. Mimi nilikuwa naitegesha saa kwa adhana, naitundika msumarini wiki nzima bila kuigusa mishale, na kila magharibi naitazama.

Mwezi wa kumi na mbili akaja Karisa, mtu wa kubeba mizigo bandarini, baba wa watoto wanne. Kamani ya saa yake, ule utepe wa chuma unaoiendesha, imekatika. Alikuwa ameshaonywa kwa kuchelewa.

"Fundi, nitengenezee vizuri," akasema. "Hii kazi ndiyo inayonilishia wanangu."

Nikatia kamani mpya, nikaitundika. Baada ya wiki, adhana inalia, saa imeshapita dakika tatu. Ati inakimbia! Nikasogeza kile kijimkono cha ndani cha kupunguza mwendo. Wiki ya pili ikaenda bega kwa bega na adhana.

Karisa akaja kuichukua, akasema ataitegesha kwa king'ora cha bandarini, kile kinachoita watu kazini. Athmani kwa majivuno akamwambia, "Itegeshe mara moja tu, kisha mishale usiiguse tena."

Wiki tatu baadaye huyo karudi, jasho linamtoka. Kachelewa dakika kumi. Tena alibishana na msimamizi wake langoni kwamba king'ora ndicho kibovu!

"Nimepewa onyo la mwisho, fundi. Nikichelewa tena sina kazi."

Athmani akaiweka sikioni. "Inapiga sawa hii." Akaja nayo ndani akipapasa ukuta.

Nikaifungua. Haina kasoro. Nikainua macho ukutani, kwenye saa za wateja wengine wanne nilizozitundika. Wiki ile zote zilikuwa zimekimbia. Tena zimekimbia kiasi kimoja, dakika mbili na ushei.

Nikajiuliza. Hizi zina mabwana mbalimbali, zimetoka nchi mbalimbali, zitapatana vipi kukosea sawasawa?

Kumbe hazijakosea. Magharibi ndiyo inayosogea!

Jua lilikuwa linachelewa kuzama, kidogo kidogo kila siku, na mimi nimezaliwa chini yake sijawahi kutambua. Nikaketi kitako. Subhanallah! Jua zima, na kisaa cha mfukoni kimeukamata mwendo wake.

Nikamwambia Athmani. "Astaghfirullah, wewe unalisahihisha jua?" Halafu akaketi kando yangu. "Yule Mhindi alikuwa akipimia king'ora. Nikimcheka moyoni, nikisema maskini hajui adhana."

Nikakirudisha kijimkono pale kilipokuwa. Lakini Karisa yuko barazani anangoja, na aliyemharibia ni mimi. Nikajitanda vizuri.

"Ukitoka, hatuletewi saa tena," Athmani akaninong'oneza.

Nikatoka. "Karisa, saa yako ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeipunguza mwendo, nikidhani inakimbia. Nimeirudisha. Kesho toka mapema, itegeshe kwa king'ora, uje baada ya wiki."

Akanitazama vidole. "Basi fundi ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaichukua, akaenda zake.

Wiki ile chakula hakikupita. Kila alfajiri nilimwombea Karisa. Kila magharibi nilisimama mlangoni nalitazama jua, naona haya na raha pamoja.

Jumamosi mchana, hodi! Athmani akatangulia barazani, mimi nimejibanza nyuma ya pazia.

"Saa na king'ora vinakwenda pamoja, mzee," Karisa akasema. Mkononi ana saa nyingine, ya yule msimamizi wake. Athmani akanyoosha mkono aipokee.

Karisa akaivuta. "Samahani, mzee wangu. Hii nimeambiwa nimpe fundi. Niitie mama."

Wakuu, nililia.

Basi wewe uliyeuliza, taa nunua, mashine nunua, lakini kabla hujailaumu saa ya mtu, kikague kwanza kile unachopimia.

Wenye karakana majumbani, semeni nanyi mliharibu nini mkajifunza. Na mwenye kunibishia habari ya jua, atundike saa wiki moja ndipo aje tuzungumze.