Maji Yasiyoacha Alama

Mwaka wa 2007 nilikuwa nikipiga deki kwenye ofisi za mama mmoja Mhindi, mjane, aliyekuwa na kampuni ndogo ya usafi katikati ya mji wa Nakuru. Kabla ya mvua kubwa kuanza, kijana wake aliyeishi Uingereza alimtumia boksi refu, jembamba. Tulilifungua uani. Ndani mlikuwa na mpini mweusi, mwepesi ajabu, uliovutika kipande kutoka ndani ya kipande hadi ukafika madirisha ya orofa ya tatu. Kwenye ncha yake palikuwa na brashi, na kwenye brashi vijitundu viwili vya kutolea maji.

"Hii iko ya dirisha," Mama akasema. "Sasa hapana panda ngazi tena."

Wafanyakazi tulikuwa wawili pale uani, mimi na mzee mmoja. Mzee ndiye aliyekuwa fundi wa madirisha kwa miaka mingi, mpaka ngazi ilipoteleza chini yake mwaka uliotangulia akavunjika nyonga. Tangu hapo alitembea akiegemea upande mmoja, na Mama alikuwa amemweka getini. Aliutazama ule mpini kutoka ncha hadi ncha. Kisha akanipa mimi.

"Mimi siwezi simama nayo siku mzima," alisema. "Lakini macho yangu haikuvunjika. Shika, nikuonyeshe."

Ndivyo nilivyoachana na deki.

Kazi yote ilitegemea maji. Maji ya Nakuru ni mazito kwa madini. Sisi tuliozaliwa huku tunayabeba kwenye meno. Yangu yana michirizi ya kahawia tangu utotoni, na miaka hiyo nilikuwa nikicheka kwa kufunika mdomo. Ukiosha kioo kwa maji ya mfereji ukakiacha kikauke, kinabaki na madoa meupe, kila tone na duara lake. Kwa hiyo nyuma ya pikapu ya Mama tulibeba tanki, pampu ndogo, na mtungi uliojaa punje za rangi ya asali. Maji yakipita kwenye punje hizo yanaacha chumvi zote humo. Mama alikuwa na kipimo cha chumvi, kidogo kama kalamu. Alikichovya kwenye ndoo, na kikionyesha sufuri aliinua kidole gumba. Siku ya kwanza nilikinga maji hayo kwa kiganja nikaonja. Hayakuwa na ladha yoyote. Ilikuwa kama kunywa kitu nilichokiota.

Kusugua, mzee aliniambia, mtu yeyote anaweza. Tabu iko kwenye kusuuza. Aliketi juu ya kreti la soda ng'ambo ya barabara na kutazama juu, nami nikasimama hatua mbili kutoka ukutani, kidogo kando, ili maji yasiniingie kwenye mikono ya sweta. Anza na fremu ya juu, alisema, kwa sababu uchafu unajificha hapo na utakushukia baadaye. Halafu kioo. Halafu inua brashi iachane na kioo, upana wa kidole tu, utembeze maji pole pole kutoka kushoto kwenda kulia, ukishuka. Kuna vioo ambavyo maji huteremka juu yavyo kwa pamoja, kama shuka linaloteleza kutoka kwenye kamba. Hivyo havina shida. Kuna vingine ambavyo maji hukatikakatika na kuviringika, kama yanavyofanya juu ya jani la nduma. Hivyo vinataka maji mengi, na mtu asiye na haraka.

Mimi nilikuwa na haraka. Tulipewa zahanati moja ya ghorofa karibu na Section 58, mtaa niliokaa na dada yangu, na nilitaka majirani wanione nikimaliza. Nilisuuza vioo kabla fremu za juu hazijaacha kutiririka. Asubuhi yake daktari akapiga simu. Tulipofika, kila dirisha lilikuwa na mistari ya kutu kutoka juu hadi chini.

"Madirisha yamelia usiku," mzee alisema.

Nilidhani atanikemea. Badala yake aliniambia nisafishe fremu zote upya, niweke mpini chini, kisha niimbe wimbo mmoja wa kanisa kimoyomoyo, beti zote, na nikifika mwisho ndipo nisuuze mara ya mwisho. Nilifanya hivyo. Daktari alitoka, akatazama, akarudi ndani kwa wagonjwa wake. Kutoka siku hiyo sikuwahi kuacha kuimba.

Nadhani ni nyimbo hizo zilizonipeleka mahali pale ambapo hata leo siwezi kupaeleza vizuri. Unakaa na shingo umeiinua asubuhi nzima. Jua linapiga maji, maji yanashuka, na kioo kinajaa mawingu yanayopita nyuma yako. Baada ya muda hujui tena kama maji ndiyo yanashuka ama nyumba ndiyo inapanda. Watu walipita na kunisalimia, "Sasa, mathe," nami nikaitikia kama mtu aliye chini ya ziwa. Ni sauti ya mzee tu iliyonifikia vizuri: "Kona ya kushoto. Bado. Ngoja. Haya, sasa."

Mchana upepo ulianza kupeperusha vumbi jeupe la ziwani, tukakunja mpira wa maji na kuondoka.

Mwezi wa Novemba Mama alituendesha hadi karibu na Olkaria, kwenye nyumba ya wageni iliyoelekeana na mvuke unaotoka ardhini. Aliendesha pikapu mwenyewe, na raba miguuni na shali shingoni. Siku hiyo mvuke ulikuwa unakuja na kuondoka. Ulipokuja sikuona brashi yangu, nilisikia tu maji yakigonga kioo kule juu, na mzee akiongea kutoka ndani ya weupe. Ulipoondoka, pundamilia wawili walikuwa wamesimama kando ya tanki, wakitutazama kama wenye nyumba. Mama hakupiga kelele. Alibaki na kipimo chake mkononi, na sote watatu tukatulia hadi walipoondoka.

Tulisimama Kikopey, penye vibanda vya nyama choma, tukirudi. Mama hakula nyama, alibaki garini na chai yake. Mimi na mzee tuliketi mbele ya sinia, na hapo ndipo aliponisimulia alivyoanguka.

"Niliona dirisha yote ikipita mbele yangu, kutoka juu mpaka chini," alisema. "Na unajua nilifikiria nini? Nilifikiria, ai, nimeacha tone pale kwa kona."

Nilicheka nikasahau kufunika mdomo. Yeye pia alicheka, kisha akasogeza mifupa pembeni mwa sinia.

"Mke wangu alikuwa amekufa mwezi mmoja mbele ya hiyo," alisema. "Sikuwa nalala. Ngazi haikuwa na makosa."

Nilimsogezea kipande kilichokuwa na mafuta zaidi, akakila.

Mwisho wa mwaka tulipiga kura. Yaliyofuata, majirani kuchomeana nyumba, kila mtu wa Nakuru anayajua, na wengi wetu bado tunayasimulia kwa sauti ya chini. Mimi na dada yangu tulijifungia ndani Section 58. Tulisikia kelele kutoka mbali, tukaona moshi ukipanda upande wa mtaa aliokaa mzee. Mzee hakuwa wa kabila la majirani zake. Nilimpigia simu mpaka kredo ikaisha, na hakukuwa na duka lililofunguliwa la kununua nyingine. Siku hizo niliota ninasuuza dirisha lisilo na mwisho wa chini. Nilishuka na maji, nikashuka, na fremu ya chini haikufika.

Mwezi wa Februari Mama akapiga simu. "Uko mzima? Dada mzima?" Nikamwambia tuko wazima. "Iko masizi kwa madirisha yote. Kuja."

Jengo lake lilikuwa halijaguswa, lakini moshi wa mji ulikuwa umelala juu ya vioo kama ngozi. Mzee hakuwepo. Nilisugua orofa ya juu, na masizi yakatandazika kama mafuta. Nilisuuza, yakabaki. Nikasuuza tena. Nikaanza wimbo wangu, nikasahau maneno ya ubeti wa pili. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa barabara, mpini umelala kando yangu, simu ilipolia kwa namba nisiyoijua.

"Ni mimi," mzee alisema. "Niko kwa ndugu yangu huku Ol Kalou. Nimeazima simu. Uko wapi?"

"Kwa Mama. Mzee, kioo inakataa. Maji inakatika tu."

"Wacha kusugua. Weka simu karibu na ukuta, nisikie."

Nilimwomba Mama aishike. Alisimama chini ya dirisha akiwa ameinua mkono wenye simu, maji yakimlowesha shali, na hakusogea. Nilipitisha maji kushoto kwenda kulia. Kutoka kwenye simu sauti ndogo ikasema, "Inagonga kama mvua kwa bati. Bado. Rudia." Nikarudia. "Bado." Sijui tulikaa hivyo muda gani. Watu watano sita walikuwa wamesimama nyuma yetu, wenye maduka na wapita njia, watu ambao kwa wiki kadhaa hawakuwa wamesimama pamoja mahali popote. Mwishowe sauti ya maji ikabadilika, ikawa laini, ikawa moja.

"Hapo," mzee alisema. "Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilipotazama juu sikuona kioo, niliona anga.

Mzee hakurudi kazini. Agosti nilienda kumtembelea Ol Kalou, mahali pa baridi penye mashamba ya viazi. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliniuliza kama Mama amenipatia mwenzangu.

"Ndio, msichana mmoja. Anaweza, lakini ana haraka."

"Haraka itamtoka," alisema. "Nakuru nitakuja kutembea tu. Kuishi, hapana. Usinifikirie vibaya."

Nilimwambia simfikirii vibaya. Alinisindikiza hadi barabarani pole pole, akiwa amebeba mfuko wa viazi aliokataa nimpokee, na gari lilipokuja akaniwekea mfuko miguuni, akagonga mlango mara mbili kuliruhusu liende. Mimi na dada yangu tulikula viazi hivyo wiki nzima. Tulivichemsha tu, kwa chumvi.