Frigo ya Mama na Nyumba Kumi na Nne

Serikali ya jimbo ilipoahidi kutujengea mtambo wa umeme wa jua pale mjini Baraka, kwanza ilituma maofisa wahesabu vyombo vya umeme nyumba kwa nyumba. Mtaani kwetu tukajiambia kwamba mwenye nacho huongezewa. Asiye na chombo atapewa umeme wa nini?

Frigo, yaani jokofu, ilikuwa moja tu mtaa mzima, ya mama yangu. Aliuza samaki. Aliinunua zamani akiusubiri umeme, na kila jioni samaki wa mikebuka waliobaki aliwatoa kwa bei ya kutupa kabla hawajaoza. Hakutaka utajiri, alitaka samaki wake wafike kesho.

Wazo lilikuwa langu, sikatai. Maofisa wakishaiona frigo katika nyumba moja na kuanza kuandika, sisi tunaitoa kwa mlango wa nyuma hadi nyumba ya pili. Tuliifunika blanketi, tukaibeba kwenye kipoyo, ile machela ya miti inayoshusha wagonjwa kutoka milima ya Bibokoboko. Wapita njia walitupa pole. Ofisa mmoja alitupisha, akavua kofia. Mama, aliyetufuata nyuma, alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtetemeka. Ofisa akadhani analia. Siku ile mgonjwa wetu alilazwa nyumba kumi na nne.

Miezi ikapita, jibu likaja. Mtaa wetu una frigo nyingi mno, mtambo hautauweza, basi usubiri awamu ya pili. Umeme ukapewa mtaa wa nyuma yetu, wale tuliowacheka kwa kusema ukweli kwamba wana taa na simu tu.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaenda kwa maofisa kukiri. Walicheka hadi machozi, kisha wakasema kila nyumba ije yenyewe ijifute kwenye daftari.

Nikazunguka kuwaomba majirani. Hakuna aliyekubali. Mama wa nyumba ya tatu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, alinitazama kama mwizi.

"Mutoto yangu, Leta, serikali yenyewe, ilishaandika kama niko na frigo. We ni nani wa kuniondolea yangu?"

Jioni wakaja, wenye frigo wote kumi na watatu, wakamsihi Mama apunguze bei maana samaki wanaelekea kuoza. Mama akapunguza.